Nisubiri au Niende

Kwenye karatasi ya mahitaji, mstari wa kwanza,
Hosiana aliandika: Mtumiaji anataka dawa.
Nikaamini. Nilikuwa na siku tisa,
ghorofa ya tatu, Kijitonyama,
jenereta la jirani likikohoa dirishani.

Dawa yenyewe insulini. Mtumiaji yuko Mbagala, Charambe.
Mimi, niseme kweli, sikuunda kitu kipya.
Nilizikuta huduma nne, kila moja na kwao:
ya kwanza inajua duka gani lina chupa ngapi,
ya pili inahamisha fedha simu hadi simu,
ya tatu inaita pikipiki yenye sanduku la barafu,
ya nne inatuma ujumbe mfupi, basi, haijui lingine.
Hazijawahi kusalimiana.
Moja huanza tarehe kwa mwaka, nyingine kwa siku;
moja humwita "mteja" yule yule
ambaye kwa mwenzake ni "namba".
Nami nikawa mshenga,
napeleka posa, narudisha majibu,
nayalainisha maneno njiani pasitokee ugomvi.

Shughuli watu, wanasema.
Yangu ilipendeza ubaoni:
mishale ya buluu, visanduku vyenye kivuli.
Hosiana akapiga picha.

Siku ya saba Bi. Siwatu akajaribu.
Duka la Magomeni likajibu: zipo tatu.
Fedha zikahama, elfu kumi na nane.
Kisha ile ya pikipiki, kwa adabu kabisa,
ikarudisha: mia tano na tatu.
Yaani nipo, lakini sipo.
Mvua ilikuwa imeifunga Jangwani
na jiji zima lilikuwa linaiuliza swali moja
kwa dakika moja.

Kamba hukatikia pabovu.
Nilikuwa nimeandika njia ya kwenda,
ya kurudi sikuiandika.
Chupa imeshikwa, fedha zimetoka,
na ile ndogo, ya ujumbe, imekaa kimya
kwa kuwa hakuna aliyeiambia
iseme nini mambo yakiharibika.

Nikampigia kwa simu yangu mwenyewe.
Nikaomba radhi, nikaanza kueleza habari za seva.
Akanikata:
"Mwanangu, hela itarudi, sina wasi.
Ila tangu saa tano nimekaa na viatu miguuni.
Ungeniambia tu, nisubiri au niende."

Nikarudi kwenye karatasi.
Mstari wa kwanza nikaukata kwa kalamu nyekundu.

Usiku ule kila hatua niliipa marejeo yake:
pikipiki isipopatikana, fedha irudi;
fedha ikirudi, chupa iachiliwe;
lakini kabla ya hayo, kabla hata ya kujaribu tena,
ile ndogo iamke, iseme.
Na juu ya mstari wa mia mbili na kumi
nikaacha maandishi ambayo mashine huyaruka:

   Aendaye na arudi, njia asiipoteze,
   akikwama hana budi, mngojaji amweleze.

Hosiana akauliza hii ndiyo nini.
Nikamwambia ni mkataba.

Kilichonichosha zaidi hakikuwa hesabu.
Ni herufi mia moja na sitini.
Niliandika "Samahani kwa usumbufu", nikafuta.
Niliandika "Ombi lako linashughulikiwa",
nikaona viatu, nikafuta.

Ijumaa iliyofuata mvua ikarudi,
na mia tano na tatu ikaja nayo.
Kilichotoka ni hiki:
Pikipiki hakuna. Usisubiri. Nenda duka la Zakhem,
chupa moja imewekwa kwa jina lako. Imelipiwa.

Saa kumi na mbili kasorobo kioo kikaandika: umepokelewa.
Hilo tu ndilo kinalolijua.
Kama alijitanda kanga au alishika mwavuli,
kama alipita penye madimbwi au alizunguka kwa juu,
katika huduma zote nilizozikuta
hakuna inayosema.
Nikabaki nakitazama kioo,
miguu yangu mitupu juu ya sakafu,
nikivitafuta viatu vyangu chini ya meza.